Fukara Namba Moja wa Izigo

Siku niliyojua kwamba Mwalimu wa Tarumbeta haoni ni siku alipomsalimia ng'ombe. Alivua kofia, akainama kidogo kama anavyowainamia wake za wachungaji, akasema kwa heshima zetu za Kihaya, "Waitu, habari za tangu juzi? Na mzee hajambo?" Ng'ombe akaendelea kutafuna. Mwalimu akasubiri jibu kwa adabu, akaona kimya kimezidi, akavaa kofia yake. "Yule mama siku hizi anaringa," akaniambia. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua mbili na sikucheka. Nilicheka nilipofika nyumbani, peke yangu, halafu kicheko kikaisha nikabaki nimekaa kitandani nikiogopa.

Hapa Izigo wote tunamwita Mwalimu wa Tarumbeta, ingawa hajawahi kuingia darasani na chaki hata siku moja. Alifundisha watoto na vijana wa usharika wetu wa Kilutheri kupuliza tarumbeta, na mimi alinichukua nikiwa darasa la tano. Alinipa ile kubwa kuliko zote, inayomzunguka mtu kama chatu, kwa sababu ya mashavu yangu. "Mungu hakukupa mashavu hayo kwa ajili ya kula ebitoke peke yake," alisema mbele ya kwaya nzima. Tangu siku hiyo jina langu ni Mashavu. Leo nina watoto watatu, nina meza kwenye veranda ya ofisi ya kata, nina mhuri, na kazi yangu ni kuandikisha watu bima ya afya na kujaza fomu za wazee na wenye ulemavu wanaostahili kutibiwa bure. Lakini nikipita sokoni, watu wazima na akili zao wanapaza sauti: "Mashavu! Shikamoo!"

Kabla hatujapuliza hata noti moja alikuwa akisema, "Simama vizuri." Hakusema "pumua" wala "anza." Simama vizuri tu, mabega nyuma, kidevu juu. Tulisimama vizuri kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye mvua. Msiba mmoja tulisimama vizuri juu ya kichuguu cha siafu, na wimbo wa kumsindikiza marehemu ukaenda mbio kama wa harusi. Mwalimu akasema ulikuwa mzuri, umechangamka, marehemu mwenyewe alikuwa mtu wa haraka.

Alikuwa na misemo yake. "Tarumbeta haiombi hewa, inapewa." Huo aliutumia kwa kila kitu, maana yeye haombi. Nasema haombi! Chumvi ikiisha nyumbani kwake, alimtuma mkewe kwa jirani akamwambie hivi: "Mwalimu anauliza kama chumvi yenu inawasumbua kwa wingi." Jembe lake lilipovunjika alikwenda kwa Mwenyekiti wa kijiji, akakaa saa nzima akilisifia jembe la Mwenyekiti, mpini wake, makali yake, mpaka Mwenyekiti akachoka akamwambia lichukue basi. Akalichukua huku akisema anakwenda kulijaribu kwa faida ya Mwenyekiti.

Na huyo asiyeomba ndiye aliyekuwa anagawa. Ukipita kwake hutoki mikono mitupu. Asipokuwa na mkungu atakupa kichana, asipokuwa na kichana atakupa akamwani, zile buni za kutafuna tunazompa mgeni, na zikiisha atakupa ushauri, mrefu. Kwenye kikao cha wazee wa kanisa alikemea ulevi mpaka mate yakamruka, na jioni alikunywa rubisi ya ndizi aliyoikamua mwenyewe. Nilipomuuliza alisema ile si pombe, ni juisi iliyokomaa kiakili.

Sasa bima. Jamani, bima!

Mwaka wa kwanza nilipoanza kazi alikuwa mtu wa kwanza kijijini kujiandikisha. Alikuja na suti. Nilimpiga picha kwa simu, akadai ipigwe tena kwa sababu hakuwa amesimama vizuri. Nikamweleza pole pole: unachangia mara moja, kaya nzima inatibiwa mwaka mzima, ukiugua unaanza zahanati, ikishindikana wanakuandikia rufaa uende kituo cha afya, halafu hospitali.

"Yaani ugonjwa wangu upande ngazi?" akauliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na ukichoka njiani?"

Aliondoka na kadi akaanza kuwafundisha wenzake. Ndani ya wiki moja nilipata wateja wa ajabu. Bibi mmoja alimtuma mjukuu wake aende zahanati na kadi ili kadi inywe dawa kwa niaba yake, Mwalimu ndiye aliyemwambia inawezekana. Mzee mwingine alitaka kumwandikisha mbuzi, kwa kuwa Mwalimu alisema ni kaya, na mbuzi analala humo humo. Nilimfuata nyumbani nikiwa nimefura. Akanikaribisha, akanipa kichana cha ndizi, hasira ikaniisha nikarudi nimebeba ndizi.

Mwaka ukaisha hajaugua hata mafua. Wiki ya mwisho alikwenda zahanati, akamwambia muuguzi, "Nitibuni." Muuguzi akauliza anaumwa nini. "Chagueni nyie, kadi yangu inaisha Ijumaa." Wakampima, wakamkuta mzima, wakamrudisha. Akaja kwenye veranda yangu amenuna.

"Mashavu, ule mchango wangu uko wapi?"

Nikamwambia umemtibu mwingine. Ndivyo bima ilivyo: asiyeugua anamtibia anayeugua, zamu kwa zamu, kama chama chetu cha kuzikana, tofauti yake hapa mtu anapona.

Nilidhani atagomba. Badala yake akauliza, "Nani?"

"Nani nini?"

"Nani aliyeugua kwa mchango wangu? Nikamjulie hali."

Nilimweleza kwamba haijulikani, inachanganywa yote pamoja. Hakukubali. Kwetu ukimsaidia mtu unakwenda kumuona, na yeye anajua ni wewe. Msaada usio na uso kwake ulikuwa kama barua isiyo na jina. Alikwenda zahanati akakaa kwenye benchi asubuhi nzima, akiwahoji wagonjwa, na mwisho akamchagua mama mmoja aliyekuwa amejifungua salama siku ile kwa kadi. "Ni huyu," akatangaza. Akampelekea mkungu na kuku. Mpaka leo yule mtoto anaitwa Bima na watu wote, wazazi wake wakiwemo, na Mwalimu akimpita anasema, "Huyu ni wangu wa mwaka ule."

Mwaka uliofuata kahawa ilikataa. Mibuni yake ilikuwa imezeeka kuliko yeye, na wanawe wana watoto wa kusomesha. Hakulipa bima, na hakusema kwamba hakulipa. Ndipo macho nayo yakaanza kuziba.

Alificha, masikini, alificha kwa ufundi mkubwa. Alimsalimia kila mtu "mpendwa" ili asikosee jina. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo, mara nyingine kichwa chini miguu juu, akaimba yote kwa moyo. Siku moja alitumbukia kwenye shimo la kuivishia ndizi za rubisi, akakaa humo mpaka mkewe, ambaye sisi tunamwita Mama Mwalimu, alipomkuta. "Unafanya nini humo?" "Nakagua." Mama Mwalimu ndiye aliyenieleza, akicheka na kufuta machozi kwa ncha ya kitenge. Na mimi nilikuwa tayari na habari za ng'ombe.

Kwa hila nyingi nilimpeleka kwa mtaalamu wa macho aliyepita kituo cha afya. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto lilikuwa limefunikwa kabisa, la kulia linafuata. Upasuaji unawezekana, ila asicheleweshe, linaweza kuharibika moja kwa moja. Kulipa mwenyewe hakuweza, hata angeuza mpaka suti. Lakini alikuwa ameshapita sabini, na mzee wa sitini na kuendelea asiyejiweza anapata kitambulisho cha kutibiwa bure. Kilichotakiwa ni kamati ifike nyumbani kwake, imuulize maswali, ione kwamba kweli hajiwezi. Basi, kitu chepesi tu, nilidhani.

Kosa langu lilikuwa kumwambia siku ya kamati.

Mimi Mhaya, nilipaswa kujua. Mwalimu alisikia neno moja tu katika yote niliyosema: wageni. Wageni wanakuja, tena mmoja anatoka wilayani! Siku tatu kijiji kizima kilibeba vitu kuelekea kwake. Sofa lilitoka kwa Mwenyekiti. Televisheni ilitoka kwa mwenye duka. Sahani zilikuwa za kanisa. Kitambaa cha meza kilikuwa changu, cha harusi yangu, nilimpa mwenyewe kwa mikono hii, na hata hapo akili haikunijia. Anayeazima kwa ajili ya mgeni hanyimwi, ndivyo tulivyolelewa.

Kamati ilikuwa watu watatu: Mwenyekiti wa kijiji, afisa ustawi wa jamii kutoka wilayani, ambaye ni dada mpole, kwao ni mbali na huku, na wa tatu mimi na fomu yangu. Mwalimu alitupokea mlangoni na suti na tai. Mwenyekiti alikaa kwenye sofa lake mwenyewe. Akalipapasa.

"Sofa zuri, Mwalimu," akasema.

"La kawaida tu."

Kuku wawili walichinjwa. Ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, na maharage, na senene waliokaangwa vizuri, na rubisi kwenye kibuyu. Afisa alikula, akafungua daftari, akauliza kwa upole, "Mzee wetu, chakula unapata mara ngapi kwa siku?"

"Binti yangu, hapa tunakula mpaka tunasahau tumekula."

"Kuna mtu anakutunza?"

"Mimi ndiye ninayetunza watu."

"Na macho yanakusumbua?"

"Macho? Nikisimama pale nje naiona Uganda." Alisema hayo akiitazama televisheni, tena kwa heshima kubwa, maana alidhani afisa amekaa upande ule. Yule dada akafikiri ndiyo desturi ya kwetu, mzee hamtazami mgeni machoni, akainamisha kichwa naye.

Nikamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama senene. Ungemtarajia aseme nini? Aseme sofa ni lake, amvue mwenyeji nguo mbele ya mgeni? Hakuna wa kwetu anayefanya hivyo. Na mimi nilikaa kimya vilevile, mdomo umejaa kuku, na kwenye mstari wa mwisho wa fomu, palipoandikwa "Anajiweza / Hajiwezi," afisa akaniambia niweke alama, nikaweka. Anajiweza. Nilitumia kalamu yangu mwenyewe. Jambo hilo bado linaniuma.

Wageni walipoondoka alikuwa na furaha ya bwana harusi.

"Wameridhika?"

"Wameridhika sana, Mwalimu. Wamesema huna shida yoyote."

Akatabasamu, akanyoosha tai. Kisha akafikiri kidogo. "Kwa hiyo kadi inakuja lini?"

Hapo nililipuka. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama, na sauti niliyoipata kwake mwenyewe kwa miaka ya kupuliza. Kwamba kadi ni ya wasiojiweza! Kwamba amejipofusha kwa kuku wawili! Kwamba niliona akimsalimia ng'ombe!

"Yule alikuwa ng'ombe?" akauliza.

"Ng'ombe, Mwalimu!"

Akakaa chini. Alikosea sofa akakaa sakafuni, na akabaki hapo hapo kana kwamba ndipo alipokusudia. "Yaani niwaite wageni, halafu niwaonyeshe umaskini?" akasema taratibu. "Mashavu, mimi ni Mhaya, si kichaa." Akageuza uso ukutani. Mama Mwalimu akaanza kukusanya sahani za kanisa.

Niliandika maombi ya kamati irudi. Afisa alikubali kwa shingo upande. Lakini Mwalimu aligoma: hatajidhalilisha, bora giza. Nilibembeleza, nikamleta mchungaji, nikamleta binti yake anayeishi Kahororo, wapi! Jicho la kulia lilikuwa linaendelea kufunga, alikuwa ameanza kupapasa ukuta kwenda chooni.

Ndipo nikadanganya. Mungu anisamehe, nilidanganya nikiwa na akili timamu. Nilipita kwake kama ninayepita tu, nikakaa, nikasema, "Umesikia, Mwalimu? Kuna mzee kule Kashozi amepewa kitambulisho. Wamesema kwa ufukara, mkoa mzima hakuna anayemfikia."

Akatega sikio. "Kashozi wapi?"

"Karibu na misheni."

"Mkatoliki?"

"Mkatoliki."

Niliona kidevu kinapanda.

"Ana kahawa?"

"Anayo kidogo."

"Ana kahawa halafu anaitwa fukara!" Mwalimu akasimama. "Mimi mibuni yangu imekauka yote! Huyo Mkatoliki ananishinda nini mimi? Waite. Waite hao watu waje waone ufukara!"

Kamati iliporudi, haki ya Mungu, sijaona mtu akijisifu vile. Suti haikuwepo. Sofa lilikuwa limerudi kwa mwenyewe, na Mwalimu alitukalisha kwenye benchi lenye mguu mmoja uliofungwa kamba. Akaanza kumtembeza afisa, akimshika mkono, na kwa kweli yeye ndiye aliyekuwa anashikwa.

"Tazama paa. Umewahi kuona paa linalovuja namna hii? Njoo wakati wa masika, ni afadhali ukae nje. Tazama godoro. Shika, shika! Huko kwingine mlikopita mlikuta godoro kama hili?"

"Hapana, mzee," akasema afisa.

"Unaona! Kuku sina. Wawili niliokuwa nao mliwala nyinyi. Televisheni mliyoiona ni ya duka, sofa ni la huyu Mwenyekiti, kitambaa ni cha Mashavu. Yule wa Kashozi anaweza kusema hivyo?"

"Wa Kashozi nani?" afisa akaniuliza. Nikakohoa kwa muda mrefu.

Mwenyekiti, ambaye sasa alikuwa ameruhusiwa kusema, alisema kwa raha zote. Alieleza habari za sofa, akaeleza na za jembe lake ambalo halijarudi mpaka leo. Afisa akacheka, akafungua daftari, akafika kwenye lile swali. "Na macho, mzee wetu?"

Mwalimu aliinua kidevu ajisifu, kisha akakishusha. Akaugeuza uso kule ilikotoka sauti ya yule dada, na safari hii hakukosea.

"Hapo sijivuni," akasema. "Sikuoni, binti yangu. Nakusikia tu. Na mke wangu simwoni. Yeye nilikuwa nimezoea kumwona."

Mama Mwalimu alikuwa mlangoni na kitenge mdomoni. Mimi niliweka alama kwenye ile fomu kabla sijaambiwa, nikaibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Akajikohoza. "Lakini andikeni vizuri," akasema, "kwamba katika wasioona, hakuna asiyeona kama mimi." Na tulipoinuka akaingiza mkono mfukoni, akatoa akamwani, akamgawia kila mmoja wetu. Nikamnong'oneza kwamba sasa anaharibu tena. "Ufukara una mpaka wake," akanijibu.

Kitambulisho kilitoka. Ugonjwa ukapanda ngazi, zahanati, kituo cha afya, mpaka hospitalini Bukoba. Nilisikia kwamba kule kwenye dirisha la wazee, ambalo zamani alilikataa kwa kuwa lina wazee, alipita mbele akiwaambia waliokaa foleni kwamba yeye ni fukara wa Izigo, aliyethibitishwa, na kama kuna mtu wa Kashozi hapo ajitokeze. Sindano ilipofika aliomba wamwimbie wimbo. Wakamwimbia.

Siku chache baada ya jicho la kwanza nilikwenda kumwona Kahororo, kwa binti yake, alikowekwa apumzike. Nilimkuta ukumbini amekaa kwenye kiti, amevaa miwani myeusi mikubwa, kichwa kimeinuka. Nikapiga goti kidogo kumsalimia. Kabla sijamaliza akasema, "Mashavu, umezeeka."

"Asante, Mwalimu."

"Mashavu yamebaki, lakini wewe umezeeka." Vidole vyake vilikuwa vinacheza kwenye kiti kama kwenye vitufe vya tarumbeta. Nilijua kuna kitu kinamsumbua. "Sasa niambie. Kadi yangu hii sikuichangia. Nani amelipa?"

"Serikali, Mwalimu."

"Serikali inatoa wapi?"

"Kwa watu."

"Watu gani? Wana majina."

Nikaanza tena yale yale ya zamani, kwamba haijulikani, inachanganywa, ni watu wote wanaochangia na hawajaugua. Akanikata kwa mkono.

"Wewe unachangia?"

"Nakatwa kila mwezi."

"Mwaka huu umeugua?"

"Hapana."

"Hata malaria?"

"Hata malaria, Mwalimu."

Akavua ile miwani myeusi. Jicho la kulia lilikuwa bado na ukungu, lakini la kushoto lilikuwa jekundu, lina machozi, na lilikuwa linanitazama mimi hasa.

"Basi hili ni lako," akasema. "Simama vizuri nikuangalie nalo."

Nikaweka pochi chini. Nikarudisha mabega nyuma, nikainua kidevu, nikasimama vizuri.